Kuwasaidia Watoto wa Mathare: Tanguliza Ratiba, Zawadi Zitafuata

Watu wengi huniuliza waanzie wapi wanapotaka kuwafanyia jambo watoto wa mitaa ya mabanda hapa Nairobi, na mara nyingi huwa tayari wamekusanya nguo za mitumba, madaftari na pakiti za unga. Sikatai misaada hiyo, kwa maana njaa ni njaa. Hata hivyo, tangu nianze kujitolea kuwasomesha watoto wa Mathare kila Jumamosi, nimeamini kwamba mtoto ambaye kodi, maji na hata mlo wa nyumbani kwao hutegemea kibarua alichopata mama siku hiyo huhitaji kwanza jambo moja lisiloyumba, yaani mtu mzima anayefika siku ile ile na saa ile ile, mvua inyeshe isinyeshe.

Mfano ulio karibu nasi wa msaada usioishia kwenye zawadi ni Mathare Youth Sports Association, jumuiya ya michezo ya vijana wa Mathare, maarufu kama MYSA, iliyoanzishwa mwaka 1987. Wengi huikumbuka kwa sababu ya Mathare United, timu iliyotwaa ubingwa wa ligi kuu ya Kenya mwaka 2008, lakini mimi huvutiwa zaidi na kanuni ya ligi zake za watoto: timu haipati pointi kwa kushinda mechi pekee, bali pia kwa kuzoa taka na kuzibua mitaro ya mtaa. Vijana wanaojitolea nao hujikusanyia pointi, na wanaofanya vyema hutunukiwa fedha zinazolipwa shuleni kama karo. Karo ya namna hiyo mtoto ameivujia jasho, wala hakuna awezaye kumsimanga.

Kwa hiyo, wape watoto kazi. Katika kikundi chetu, ufunguo wa sanduku la vitabu hukaa na mwanafunzi wa gredi ya sita, na daftari la mahudhurio hushikwa na mwenzake, kisha muhula ukiisha wanapokezana. Vitabu vinavyopotea ni vichache mno.

Ukiona wasichana wanapungua, usikimbilie kudhani kwamba hawapendi masomo. Jumamosi ndiyo siku ya kuchota maji, kufua na kulea wadogo zao. Baada ya kuzungumza na akina mama, tulisogeza kikao hadi alasiri, tukawaruhusu wasichana waje na wadogo zao na kuwatandikia mkeka pembeni. Kelele hazikosi, lakini wasichana wanafika.

Kabla ya yote hayo, jitambulishe kwa chifu na mzee wa mtaa, na kila mtu mzima atakayekaa na watoto awe na cheti cha tabia njema kutoka kwa polisi. Asiye nacho asubiri, hata akiwa rafiki yako. Watoto nao wafundishwe nambari 116, simu ya bure ya kuripoti dhuluma.

Kuhusu wafadhili, nitasema wazi kwamba sherehe za Desemba zenye keki na kamera hunichosha, kwa kuwa Januari ukumbi hufungwa kwa kukosa kodi. Mfadhili akija, mwombe alipie ukumbi wa mwaka mzima na uji wa kila Jumamosi, na akitaka picha, mpige picha yeye mwenyewe akiwa amesimama kando ya rafu ya vitabu.