Asidi ya Foliki Kabla ya Ujauzito: Nianze Lini, na Nichague Kidonge Kipi?

SWALI: Ndugu Mfamasia, salaam. Mimi na mume wangu tumekubaliana kuanza kutafuta mtoto wetu wa kwanza miezi michache ijayo. Nilikwenda duka la dawa kununua asidi ya foliki, nikakuta rafu nzima imejaa. Vidonge vingine vina asidi ya foliki peke yake, vingine vimechanganywa na vitamini na madini chungu nzima, na vingine vinanadiwa kuwa na "folati hai" na bei yake ni kubwa mno. Kopo moja limeandikwa maikrogramu 400, jingine 667, jingine miligramu 5. Nilitoka mikono mitupu. Dada yangu anasema nisijisumbue, kwa kuwa vidonge hivyo hutolewa kliniki mtu akishakuwa mjamzito. Je, ninaharakisha? Na nikinunua, nichukue kipi?
Msomaji Anayejiandaa

JIBU: Dada yangu, huharakishi. Nitaanza na maneno ya dada yako, kwa sababu ndiyo yenye hasara kubwa ukiyafuata kuliko kosa lolote la kuchagua kopo.

Ubongo na uti wa mgongo wa mtoto hutokana na mrija mmoja mwembamba unaoitwa mrija wa neva. Mwanzoni huwa ni utando bapa wa seli, kisha kingo zake huinuka, zikaelekeana, zikashikana na kufunga. Kazi hiyo yote humalizika takriban siku 28 baada ya mimba kutungwa. Kwa mwanamke ambaye mzunguko wake hauyumbi, siku hiyo humkuta amechelewa hedhi kwa wiki mbili tu, na wengi wakati huo hata kipimo hawajagusa, sembuse kufika kliniki. Mrija usipofunga upande wa chini, mtoto huzaliwa na mgongo wazi. Usipofunga upande wa juu, ubongo na fuvu havikamiliki, na mtoto wa hali hiyo hawezi kuishi. Kidonge ambacho mama atapewa kliniki katika wiki ya 12 kitamsaidia kujenga damu, lakini kwa habari ya mrija huo kitakuwa kimewasili baada ya mlango kufungwa.

Ndiyo maana ushauri ni kuanza angalau mwezi mmoja kabla ya kutafuta mimba, na ikiwezekana miezi miwili au mitatu, ili akiba ya folati mwilini (vitamini B9, ambayo asidi ya foliki ni aina yake ya kutengenezwa) iwe imejaa siku mimba itakapotungwa. Kama bado unatumia njia ya uzazi wa mpango, anza sasa hivi ukiwa ungali unaitumia. Endelea kila siku hadi wiki ya 12 ya ujauzito, na kama mimba itachelewa, usiache katikati. Asidi ya foliki si dawa ya kuharakisha mimba, wala kuchelewa kwa mimba hakuna maana kwamba vidonge havifanyi kazi. Siku ukisahau, meza kimoja siku inayofuata bila kurudufisha.

Sasa tuje kwenye zile namba tatu zilizokutoa dukani. Zinaeleweka vizuri zaidi mtu akijua zilikotoka. Mwaka 1991 lilichapishwa jaribio la Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, lililofanyika katika vituo 33 vya nchi 7, kwa wanawake ambao tayari walikuwa wamewahi kubeba mimba yenye kasoro ya mrija wa neva. Waliopewa miligramu 4 za asidi ya foliki kila siku (miligramu moja ni maikrogramu 1,000) walipunguza uwezekano wa kasoro hiyo kujirudia kwa asilimia 72, kiasi kwamba jaribio lilisimamishwa kabla ya muda wake. Mwaka uliofuata, watafiti wa Hungaria walionyesha kwamba hata wanawake wasio na historia hiyo hunufaika, na kufikia mwaka 1999 matokeo kutoka China yalithibitisha kwamba maikrogramu 400 kwa siku zinatosha kuleta kinga hiyo. Kwa hiyo kuna vipimo viwili, kila kimoja na watu wake: maikrogramu 400 ni kwa wanawake walio wengi, nawe ukiwemo kwa jinsi ulivyojieleza, na miligramu 4 au 5 ni kwa wenye hatari ya pekee.

Namba 667 ni ileile 400 iliyovaa nguo nyingine. Asidi ya foliki ya kidonge hufyonzwa vizuri kuliko folati ya asili iliyomo katika chakula, basi baadhi ya nchi, Marekani ikiwemo, hutaka lebo ionyeshe kiasi cha folati ya chakula kinacholingana na kidonge. Maikrogramu 400 za kidonge hulingana na takriban 667 za chakula, na watengenezaji wengine huandika 680. Lebo iliyoandikwa kwa uaminifu huweka namba zote mbili. Itafute ile inayotaja asidi ya foliki yenyewe, na iwe 400.

Kidonge cha miligramu 5 kina zaidi ya mara 12 ya kiasi unachohitaji, na sikushauri ukichukue kwa kudhani kwamba kikubwa ndicho bora. Huandikwa na daktari kwa mwanamke aliyewahi kupata mtoto au mimba yenye kasoro hii, au ambaye mume wake ana historia hiyo. Na katika nchi kadhaa huandikwa pia kwa wenye kisukari, ugonjwa wa selimundu, unene uliokithiri, au wanaotumia baadhi ya dawa za kifafa. Kwa asiye na sababu hizo, kiasi cha zaidi ya maikrogramu 1,000 kwa siku kinaweza kuficha upungufu wa vitamini B12: damu itaonekana kuwa nzuri huku neva zikiendelea kuharibika kimyakimya. Jambo jingine ambalo maduka mengi hayalisemi ni kwamba dozi ya miligramu 5 au zaidi hudhoofisha dawa ya sulfadoksini na pirimethamini ambayo wajawazito wa maeneo yenye malaria hupewa kama kinga. Maikrogramu 400 hazina tatizo hilo.

Hiyo "folati hai" ni methilifolati. Wauzaji husema kwamba watu wenye tofauti fulani katika jeni (chembe ya urithi) inayoitwa MTHFR hawawezi kutumia asidi ya foliki ya kawaida, hivyo wanunue hii. Ukweli ni kwamba watu hao huitumia asidi ya foliki, na kiwango cha folati katika damu yao hupanda wanapoimeza. Isitoshe, majaribio yote niliyoyataja hapo juu, yaliyothibitisha kinga dhidi ya mgongo wazi, yalitumia asidi ya foliki, si methilifolati. Mimi kama ningekuwa ninamchagulia binti yangu, ningeacha ya ghali nikachukua iliyothibitishwa.

Limebaki swali la kidonge kimoja au mchanganyiko. Nakiri kwamba orodha ndefu ya viambato nyuma ya kopo huwa inanitia shaka kuliko kunivutia, kwani vingi huwekwa kwa kiasi kidogo kisicho na kazi, ili tu lebo ijae. Ukiwa na afya njema na unakula vyakula vya aina mbalimbali, asidi ya foliki peke yake inakutosha katika kipindi hiki. Mchanganyiko una maana pale unapokuwa na pengo linalojulikana. Asiyekula nyama, samaki, mayai wala maziwa anahitaji vitamini B12. Asiyepata jua la kutosha anahitaji vitamini D, na maikrogramu 10 kwa siku ni kiasi kinachokubalika kwa wengi. Madini joto (ayodini) ni muhimu kwa ubongo wa mtoto, na vidonge vingi vya uzazi huwa na maikrogramu 150, lakini mwenye ugonjwa wa tezi ya thairoidi amuulize daktari kwanza. Ama madini ya chuma, pima damu kabla ya kuyanunua. Kama damu ni pungufu, ni afadhali kuijenga sasa kuliko kuingia nayo katika ujauzito, na kama inatosha, utakuwa umejiepusha na kichefuchefu na choo kigumu cha bure. Ukiyatumia, usiyameze kwa chai au kahawa, wala pamoja na kidonge cha kalsiamu, kwani vyote hivyo huzuia kufyonzwa kwake.

Kiambato cha kukagua kwa macho mawili ni vitamini A. Ikiandikwa retinoli, inapozidi huweza kumletea mtoto maumbile yenye kasoro, na hatari hiyo iko katika wiki zilezile za mwanzo tunazozizungumzia. Mipaka mingi huwekwa kwenye maikrogramu 3,000 kwa siku, sawa na yuniti za kimataifa (IU) 10,000, kwa hesabu ya chakula na vidonge pamoja, na maini yana retinoli nyingi sana. Vitamini A inayotokana na beta-karotini haina hatari hiyo. Kosa ninaloliona mara kwa mara ni la kumeza aina mbili za mchanganyiko kwa pamoja, kimoja cha uzazi na kingine cha nywele na ngozi, kila kimoja kikiwa na retinoli yake, au kumeza vidonge viwili vya mchanganyiko ili kuongeza asidi ya foliki. Anayehitaji dozi kubwa ya asidi ya foliki huipata katika kidonge chake pekee.

Kama kuna dawa nyingine unayotumia, hasa valproati ya kifafa, methotreksati, au isotretinoini ya chunusi, zungumza na daktari kabla ya kuacha uzazi wa mpango. Madhara ya dawa hizo kwa mtoto hayawezi kuondolewa kwa asidi ya foliki, na ya kifafa usiiache kwa uamuzi wako mwenyewe.

SWALI: Je, mume naye ameze? Wa kwangu ameshanunua kopo lenye asidi ya foliki na zinki "za kuimarisha mbegu".

JIBU: Hapana haja. Jaribio kubwa lililochapishwa Marekani mwaka 2020, lililohusisha zaidi ya wanandoa 2,000 waliokuwa wakitafuta tiba ya ugumba, halikuona mchanganyiko huo ukiboresha mbegu wala kuongeza idadi ya watoto waliozaliwa, na baadhi ya wanaume waliumwa tumbo. Akiacha sigara atakuwa amechangia zaidi.

SWALI: Nimesoma haya yote nikiwa tayari na mimba ya wiki nane, na sikuwahi kumeza kidonge hata kimoja. Ninaogopa.

JIBU: Pole, mama. Anza leo maikrogramu 400 na uendelee hadi wiki ya 12, bila kuongeza dozi ili kufidia siku zilizopita, kwa kuwa hazifidiki. Kasoro hizi si za kawaida, na akina mama walio wengi mno ambao hawakumeza kidonge kabla ya ujauzito huzaa watoto ambao migongo yao imefunga vizuri. Mweleze mkunga wako katika hudhurio la kwanza kama wewe au mume wako mna historia ya tatizo hili katika familia, na usikose kipimo cha ultrasaundi cha kati ya wiki ya 18 na 20, kwani hapo ndipo uti wa mgongo wa mtoto huangaliwa pingili kwa pingili.