Muulize Shangazi: Tuko wanne, tunaenda kwa Wachina

SWALI: Shikamoo Shangazi. Tuko wasichana wanne, tunafanya kazi ofisi moja Kijitonyama. Mwisho wa mwezi tunataka kujaribu mgahawa wa Kichina, ule wa kawaida tu, si wa hotelini. Mmoja wetu ni Mwislamu, mwingine karanga zinamdhuru, na mimi pilipili naiogopa. Wa nne anasema kila mtu aagize sahani yake, alipe yake, yaishe. Menyu yenyewe ni kitabu kizima cha picha. Tuanzie wapi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Huyo wa nne mwambieni atulie kwanza, maana hapo ndipo mtakapoharibu.

Nimeuza mikoba Kariakoo miaka mingi, na mzigo nilikuwa naufuata mwenyewe Guangzhou, kwa hiyo meza hizo nazifahamu. Kule watu wakienda kula pamoja, sahani zinawekwa katikati, kila mmoja na kibakuli chake cha wali, mnachota kidogo kidogo. Ukiagiza peke yako utakula kitu kimoja mpaka kikukinai, halafu utoke unalalamika kwamba chakula cha Kichina kina mafuta. Agizeni sahani nne za watu wote, na ya tano iwe ya baridi. Pesa changeni mkiwa bado ofisini, apewe mmoja alipe. Mambo ya kuhesabu nani kala kamba wangapi yanaua urafiki.

Ya baridi iwe matango ya kupondwa: yanapigwa kwa ubapa wa kisu, yanatiwa kitunguu saumu, siki na mafuta ya ufuta. Yanakuja haraka, na yanakata mafuta ya vile vingine. Kisha mboga ya majani. Ulizeni kama wana ile yenye bua lenye uwazi ndani, inayokaangwa na kitunguu saumu kwenye moto mkali. Ni ndugu wa matembele kabisa, ukoo mmoja, na ukiionja utajua bila kuambiwa. Nyanya na mayai ni ya wewe mwoga wa pilipili. Usidharau, Wachina wenyewe wanaipika majumbani kila siku, na mchuzi wake kwenye wali mweupe ni mtamu sana. Samaki achukuliwe mzima, wa mvuke, na tangawizi na majani ya kitunguu, amwagiwe sosi ya soya na mafuta ya moto. Sisi watu wa pwani kichwa cha samaki hakitutishi.

Sahani ya nne ndiyo ya kujaribu bahati. Mimi ningesema mapo tofu, chakula cha Chengdu, jimbo la Sichuan: tofu laini, yaani maziwa ya soya yaliyogandishwa, kwenye mchuzi mwekundu na nyama kidogo ya kusaga. Ina pilipili, ndiyo, lakini ina pia vile viganda vidogo vya Sichuan ambavyo si pilipili hata kidogo. Mti wake ni wa ukoo wa ndimu na machungwa. Ukitafuna kimoja, midomo inashikwa na ganzi kama umetoka kwa daktari wa meno. Usipige kelele, inapita. Chota nusu kijiko, wenzako wamalize.

Sasa la rafiki yenu Mwislamu, na hili si la mzaha. Kuacha sahani ya kitimoto hakutoshi. Ile nyama ya kusaga kwenye tofu mara nyingi ni ya nguruwe, maharage mabichi ya kukaanga nayo hutiwa hiyo hiyo, na jikoni nyingi zinatumia divai ya mchele kwenye nyama. Karai ni lile lile. Pigeni simu kabla, muulize wazi kama wanapika nguruwe. Wakisema ndiyo, tafuteni pengine. Guangzhou, mtaa wa Xiaobei, sisi tulikuwa tunakimbilia kwa Wachina Waislamu, Wahui, wenye tambi za Lanzhou: kijana anavuta unga kwa mikono mpaka unakuwa nyuzi, unamwagiwa supu ya ng'ombe, figili na giligilani. Hapo hapo jirani unapata mishkaki ya kondoo yenye bizari nyembamba. Mkipata mgahawa wa namna hiyo, futeni orodha yangu yote mle hivyo.

Wa karanga naye: kuku wa gongbao asimguse, ana karanga nzima nzima. Jina lile ni cheo cha Ding Baozhen, gavana wa Sichuan wa karne ya 19, lakini gavana hatamsaidia akianza kuvimba. Na Guangdong, jimbo lenye ule mji wa Guangzhou, wanapenda kupikia mafuta ya karanga, kwa hiyo ulizeni mafuta pia. Kama karanga humbana koo, nendeni mahali pengine kabisa, msibahatishe.

Wali wa kukaanga na kuku wa sosi tamu ya machungwa sijawazuia. Ila mtakuwa mmetoka kwenda kula chipsi kuku kwa jina jingine.

SWALI: Shangazi, vijiti siviwezi. Nikiomba uma nitaonekana mshamba? Na mbona chakula kinaletwa ovyo ovyo, samaki kabla ya supu?

JIBU: Omba uma, na hakuna atakayekutazama. Ukitaka kujaribu, inua kibakuli mpaka karibu na mdomo, usihangaike kuvuta wali kutoka mezani. Usivichomeke vijiti wima ndani ya wali, maana kwao ni kama ubani wa kufukizia marehemu. Na chakula hakiji ovyo: kila kinachoiva kinatoka jikoni saa ile ile, kikiwa cha moto. Kuleni kinapofika, msisubiri meza ijae.