Ada ya mitaro Moshi: pimeni paa na zege

Ndugu mnaopanga ada ya mitaro ya maji ya mvua hapa Moshi, kutoza shilingi sawa kwa kila nyumba ndiko kunakowafanya wenye vibanda wagome. Tozeni kwa eneo lisilonyonya maji: paa, zege, pevingi (matofali ya kusakafia uwanja). Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1, kwa hiyo boma lenye mita 300 za mraba za paa na zege, mvua ya milimita 40, linamwaga karibu lita 12,000 mtaroni. Mwenye tangi la kukinga maji ya mvua apunguziwe ada, ila tangi lililojaa tayari halizuii kitu. Kuzibua makaravati (mabomba ya kupitisha maji chini ya barabara) kuishe Februari, kabla ya masika, na mchanga unaozolewa usirundikwe ukingoni, utarudi mtaroni. Bila sheria ndogo ya manispaa, ada hiyo ni mchango wa hiari tu.