Dua ya kufungua biashara? Njoo nikuambie, mdogo wangu

Kuna binti ananiandikia tangu Ijumaa: "Dada, nitumie ile dua yako ya kufungua biashara." Ameona picha za masufuria ya harusi ya Raskazone, hapa Tanga, akadhani nina siri nimeifunga kwenye pindo la kanga. Sina, mdogo wangu. Ningekuwa nayo ningeisoma enzi zile naosha vyombo vya watu hapa Ngamiani.

Wanaonijua wanajua nilikotoka. Nilikuwa kwenye kundi la wapishi wa shughuli, na adhana ya Magharibi ikilia macho yote kwangu. Siku moja mkubwa wetu akasema mbele ya wenye harusi, "Huyu kazi yake kusali, sisi ndio tunapika." Wakacheka. Shughuli iliyofuata sikuitwa, na nyingine pia, mpaka nikaelewa. Leo tukikutana soko la Mgandini ananichangamkia, "Shoga, mambo yako si haba!" Namwitikia. Nimesamehe. Kusahau ndiyo bado.

Ya katikati nayaruka, ni madeni na vitumbua tu.

Nilipoanza kupika kwa jina langu nilijua kazi iko kwenye Magharibi. Adhuhuri ina nafasi, Isha ndiyo kabisa. Magharibi inaanza jua likizama na kwisha wekundu ukipotea angani, muda wa saa moja na kidogo hivi, na ndiyo saa mama wa bwana harusi anakuja kufunua vifuniko. Basi nikapanga kazi yote kwa kurudi nyuma kutoka hapo. Nyama iwe imeiva alasiri. Mchele uingie mapema. Maji yakikauka napunguza kuni chini, napalia makaa juu ya kifuniko. Pilau ikishapaliwa haitaki mkono wa mtu. Naenda zangu kutia udhu, kanga safi isiyonuka kitunguu iko mkobani, nasali bila papara, nikirudi wali umechambuka. Hajatokea mtu wa kuniambia nimemchelewesha kwa ajili ya sala. Wenye kijicho waseme bahati.

Ndiyo ushauri wangu wa kwanza, na karibu wa mwisho: sala ina saa yake, kazi ndiyo isogezwe.

Halafu istikhara, sala ya kumwomba Mwenyezi Mungu akuchagulie jambo. Wengi wetu tunasali rakaa mbili kisha tunalala tukingoja ndoto. Hadithi ya istikhara aliyoipokea sahaba Jabir kwa Mtume haitaji ndoto popote. Unamwomba Mwenyezi Mungu, kama jambo lina kheri na dini yako na maisha yako akurahisishie, kama lina shari akuepushe nalo, akupe kheri popote ilipo na akuridhishe nayo. Nilisali hivyo nilipotaka kukodi banda la chakula karibu na stendi ya Kange. Nililala fofofo, sikuota hata paka. Asubuhi nikaenda kudai mkataba wa maandishi, mwenye banda akaanza "kesho, keshokutwa". Nikaondoka na pesa yangu. Shangazi mpaka leo ananiuliza nilioteshwa nini.

Na wewe unayesema umeomba mwaka mzima hujibiwi, acha hilo neno. Abu Huraira amepokea kwa Mtume kwamba mja hujibiwa maadamu hana haraka, na haraka yenyewe ni kusema nimeomba sikujibiwa. Tunamsubiri fundi cherehani miezi, nguo ya Idi anaitoa Idi imepita, na tunarudi kwake. Kwa Mola wetu ndiyo tunataka majibu kabla hatujakunja msala! Tuoneane haya. Sali kwa wakati, omba, kisha amka ukafanye kazi, maana wateja hawaletwi uvunguni mwa kitanda.

Na huyo anayekutaka elfu hamsini akuandikie kombe, yale maandishi ya kuoshwa ukanywa, la kuvuta wateja, mwulize kwanza wa kwake ni wangapi. Bei ya pilau siandiki hapa. Wa Tanga mnajua nilipo, njooni na idadi ya watu wenu, na tarehe isiwe ya kubahatisha.