Unguja hadi Pemba kwa ndege: pima safari tangu mlangoni kwako

Kila ikikaribia Idi, naulizwa suali lile lile: ndege ya Pemba inachukua muda gani? Nusu saa. Kutoka kiwanja cha Abeid Amani Karume pale Kisauni hadi kiwanja cha Pemba ni kama kilomita 125 kwa njia ya angani. Ndege nyingi za njia hii ni Cessna Caravan, za injini moja, na mwendo wake ni kama kilomita 300 kwa saa. Gawanya, utapata dakika 25, kisha ongeza za kupaa na kutua. Pemba iko kaskazini mashariki ya Unguja, kwa hiyo msimu wa kusi, yaani upepo utokao kusini, ndege inasukumwa wakati wa kwenda, na wakati wa kurudi upepo unaizuia.

Lakini ndugu yangu, usipange siku yako kwa nusu saa hiyo. Jiulize kwanza: kwenu Pemba ni wapi? Ndege inakushusha karibu na mji wa Chake Chake, na boti inakushusha Mkoani. Mtu wa Chake au Wawi akishuka kwenye ndege ameshafika. Wa Wete ana kama kilomita 30 za gari, na wa Konde au Micheweni ana zaidi. Mimi kwetu ni Wete, na nikijumlisha foleni ya Unguja, kuripoti mapema kiwanjani, ndege yenyewe, kisha gari, asubuhi yote imekwisha. Bado naona ndege ina faida. Ila mtu wa Mkoani au Kengeja, mwenye afya na mizigo mingi, namwambia apande boti bila kusita: analipa kidogo na anashukia karibu na kwao.

Mizigo hasa ndiyo inayoamua. Kwenye ndege hizi ndogo ruhusa ya kawaida ni kilo 15, begi liwe laini, na usishangae wewe mwenyewe ukiambiwa upande mizani. Gunia la mchele na godoro ni vya boti.

Mgonjwa, mzee au mjamzito, mchangieni apande ndege, hasa kusi likivuma. Bahari ya mkondo wa Nungwi, ncha ya kaskazini ya Unguja, wakati huo inachosha hata kijana. Na ukiamua boti, ukaiona imejaa kupita kiasi, rudi nyumbani usubiri nyingine. Septemba 10, 2011, MV Spice Islander ilizama ikitoka Unguja kwenda Pemba, na kwetu karibu kila mtaa ulikuwa na msiba. Hakuna haraka ya sikukuu inayostahili hatari ile.

Tiketi ya Idi ikate mapema, ya kwenda na ya kurudi kwa pamoja. Caravan inabeba abiria kama 12 tu, na wanaorudi kazini Unguja wote wanaitaka siku moja.