Usizibe ukuta huo kwa saruji
Umeuliza kama upige lipu ya saruji kwenye ukuta wa matofali ya zamani unaomomonyoka. Hapana, tafadhali! Kwangua kwanza maungio kati ya matofali kwa ukucha: ukitoka unga mweupe laini, huenda nyumba ilijengwa kwa chokaa. Chokaa hupitisha unyevu. Saruji huuzuia, nao hulazimika kupitia tofali lenyewe hadi uso wake unabanduka vipande vipande. Chimbua maungio yaliyolegea, kina cha sentimita 2 hivi, lowesha, kisha jaza chokaa na mchanga, 1 kwa 3. Usisafishe kwa mashine ya kupuliza mchanga, itaondoa ngozi ngumu ya tofali. Brashi na maji vinatosha. Boriti zenye alama za shoka ziache wazi (ni nzuri mno!), ila gonga ncha zinazoingia ukutani uone kama ni nzima, ndiko kuoza huanzia.