Jibu: Saundtraki ya filamu ambayo haiko, unaanzia wapi

Kuna msee wa Nakuru ameuliza kama lazima apate mtu wa filamu kwanza ndio atunge saundtraki, yaani muziki wa filamu, ama anaweza kutunga albamu ya filamu ambayo haiko, na kama laptopu ya kawaida na FL Studio, ile programu ya kutunga muziki, zinatosha. Zinatosha. Na mtu wa filamu usimngoje, utazeeka. Mimi niko Kisumu, hizi saundtraki za filamu hewa nimezifanya kitambo sasa, wacha nikuambie vile mimi naona, wenzangu watapinga hapo chini.

Kwanza usione aibu ati unafanya kitu ya ajabu. Brian Eno alitoa Music for Films 1978, vipande 18 kwenye sahani moja, vingi vifupi kabisa, vingine vilikuwa vimetumika kwa filamu na vingine vya filamu za kichwani tu. Barry Adamson wa Manchester 1989 akatoa albamu nzima ya filamu ya uhalifu ambayo hakuna mtu alishawahi kuitengeneza. John Carpenter, huyo wa filamu za kutisha, miaka yote alikuwa anatunga muziki wa filamu zake mwenyewe kwa sinthi, zile kibodi za sauti za umeme, halafu 2015 akiwa mzee akatoa Lost Themes, muziki bila filamu yoyote, ametunga na kijana wake. Kwa hivyo njia iko, imekanyagwa.

Sasa shida ninayoiona kwa wengi wanaoanza. Mtu anafungua programu, anatafuta pedi ya huzuni, yaani sauti ndefu laini ya sinthi, anaweka mwangwi mkubwa wa kanisa, anaongeza besi ya kunguruma, anasema hiyo ni sinema. Unasikiza dakika nne nzima hakuna kitu kimetokea, hakuna mtu ameingia, hakuna mtu ametoka. Filamu haiko kwa watu, sawa, lakini kwako lazima iko, yote, mpaka dakika. Uiandike halafu uifiche. Ni hivyo tu, hayo mengine yote nitakayosema yanatoka hapo.

Nikupe mfano wa yangu moja. Ni mkaguzi wa reli, anatoka Nakuru kwa toroli akienda Kisumu kuhesabu mataruma yaliyoibiwa, na katikati ya safari anafika stesheni ambayo haiko kwa ramani yake. Nilichukua daftari nikaandika matukio moja moja, hili dakika mbili, hili sekunde arobaini, nani yuko, ni asubuhi ama giza limeingia, na kando ya kila tukio nikaandika kile ambacho muziki HAUTASEMA kwa sababu picha tayari inakisema. Hiyo safu ya pili ndio kazi yenyewe. Kama mkaguzi anaogopa na uso unaonyesha anaogopa, muziki wa kuogopa wa nini tena? Hapo mimi niliweka kitu karibu cha furaha, kidogo tu, na kila mtu anayesikiza hicho kipande ananiambia kinamtia wasiwasi na hajui kwa nini.

Na ukichagua mahali unapojua, ramani inakusaidia kutunga. Reli ikitoka Nakuru inapanda Njoro, Elburgon, Molo, inafika Mau Summit zaidi ya mita 2,500 juu ya bahari, halafu inashuka Londiani, Kipkelion, Fort Ternan, Muhoroni, inaingia tambarare ya Kano, inaishia ziwani kwenye mita 1,100 na kitu. Ilifika hapa 1901, Waingereza wakapaita Port Florence. Basi albamu ikajigawa yenyewe, upande wa kwanza kupanda, upande wa pili kushuka. Huko juu kwa baridi sauti zangu za sinthi nimezibana, ule mchujo unaokata sauti kali nimeufunga unasikia tu kama mtu anavuma ndani ya blanketi, na kadiri mita zinavyopungua naufungua polepole, mpaka ukifika Muhoroni sauti imekuwa na jua. Hakuna msikilizaji anajua hiyo hesabu. Lakini anasikia joto linaingia.

Tempo pia. Hapa wengi wanachagua namba tu, 90, 100, vile kidole kimeangukia. Reli ya zamani imeungwa vipande, gurudumu likipita kwenye kiungo linagonga. Chukulia kipande kina mita 12. Toroli likienda mita 12 kwa sekunde, yaani kama kilomita 43 kwa saa, ni pigo moja kila sekunde, hiyo ni tempo 60, mapigo 60 kwa dakika. Kupanda Mau toroli linahema, mita 8 kwa sekunde, inakuwa 40. Kano kumenyooka, mita 16 kwa sekunde, ni 80. Sasa niko na tempo tatu zenye sababu na zinasikizana, na kupita kutoka moja kwenda nyingine si kuruka, ni toroli limeongeza mwendo. Halafu ukiwa na 80, na kila baa, yaani kifungu cha muziki, ina mapigo manne, baa moja ni sekunde tatu, baa 20 ni dakika moja kamili, kwa hivyo tukio la dakika moja na nusu unajua mapema ni baa 30, huwezi kunyoosha kipande ati kwa sababu kimekufurahisha. Watunzi wa filamu za kweli wanaishi na hizo hesabu kila siku, wewe hakuna mtu anakulazimisha, ndio maana ujilazimishe.

Sauti utoe wapi. Si kila kitu kitoke kwa programu jamani, mpaka sasa kuna pedi fulani nikiisikia najua ni ile ya kwanza kwenye orodha. Shika simu, weka mtindo wa ndege isije ikaita katikati, vika soksi pale kwa maikrofoni kama kuna upepo, nenda urekodi. Mafundi wa jua kali karibu na Kibuye wakigonga mabati wamenipa ngoma za albamu nzima, ukishusha sauti ya nyundo okteva mbili inakuwa mlango wa chuma unafungwa mahali mbali. Mvua ya Kisumu usiniambie, hiyo hata hauhitaji kutoka nje. Wewe wa Nakuru uko na upepo wa Menengai bure. Kama unataka kusikia mtu ameenda mbali na sauti za kurekodi mitaani tafuta KMRU, mtunzi wa Nairobi, albamu yake Peel ya 2020, usikize na visikizio si kwa spika ya simu tafadhali.

Ala za nyumbani ni hadithi ingine na hapa nitakuwa mkali kidogo. Nyatiti, ala ya nyuzi ya Wajaluo, ina nyuzi nane, mpigaji anakaa chini kwa kigoda, ana pete ya chuma kwenye kidole cha mguu anagongea mbao na njuga mguuni, kwa hivyo mtu mmoja tayari ni bendi. Usiichukue ukaikatakata ukaweka juu ya pedi ati iwe na ladha ya Afrika. Ama iko ndani ya filamu ama haiko. Kwangu iko, ni redio ya mlinzi wa ile stesheni, kwa hivyo mara ya kwanza unaisikia ndogo, imebanwa, kama inatoka kwa chombo kibovu, na baadaye ndio inakuja kubwa. Na ukiirekodi utaona haikubaliani na kibodi, nyuzi zimewekwa vile mpigaji anataka. Usiisukume nyatiti iende kwa kibodi, isukume sinthi iende kwa nyatiti, programu nyingi zinakubali kusogeza kila noti kwa senti, na senti 100 ni nusu toni, kwa hivyo unasogeza kidogo kidogo mpaka zipatane. Ukiipunguza mwendo nusu inashuka okteva nzima na ile pete ya mguu inakuwa ngoma nzito huwezi kuamini. Mzee aliyenipigia tulikubaliana malipo kabla ya kurekodi, na jina lake liko kwenye albamu. Orutu, ile fidla ya Wajaluo, sikuweka, ule uzi mmoja ukiingia kila mtu anaacha kusikiza kingine chote.

Sasa kile kitu watu wanasahau kabisa. Kwenye filamu ya kweli waigizaji wanaongea, na mtunzi anaacha nafasi ya maneno yao. Filamu hewa haina waigizaji, lakini hiyo nafasi uiache vilevile, kama kiti umemwekea mgeni. Mimi nachukua lile eneo la kilohezi 1 mpaka 4, pale sauti ya binadamu inasikika vizuri, napunguza desibeli mbili tatu kwenye pedi zote, na pale najua kwenye daftari langu wanaongea nasimamisha melodi kabisa, inabaki besi na vumbi. Msikilizaji anaanza kuongea mwenyewe kichwani. Ukijaza kila mahali umemfukuza.

Melodi iwe moja, noti nne tano, ya mtu mmoja. Irudi ikiwa imebadilika kwa sababu mtu amebadilika. Majina ya vipande yasitoe siri, "Mkaguzi agundua ukweli" hapana, mimi niliandika tu "Londiani, saa kumi na moja" nikanyamaza.

Vifaa haraka haraka maana ndio watu huuliza sana na ndio havina maana sana: kama uko na FL Studio kaa nayo. Kama hauna, LMMS ni ya bure, Reaper leseni ya mtu mdogo ni dola 60, na sinthi kama Vital na Surge XT unazipata bila kulipa. Rekodi kwa kilohezi 48 (ile sample rate kwenye programu) kwa sababu ndio filamu na video hutumia, huwezi jua. Na ukisikia radi sevu, stima hapa haingoji.

Kuuza: Bandcamp, duka la muziki la mtandaoni, wanakata asilimia 15 kwa muziki wa kupakua, inashuka 10 ukishavuka dola 5,000 (tuombeane), pesa inakuja PayPal unaitoa kwa M-Pesa. Mtu wa filamu akikuja baadaye kuomba kipande, na watakuja, muandikiane hata barua pepe ya mistari mitatu, kwa sababu kuna jamaa alichukua changu akakiweka kwenye kazi yake na mpaka leo simu yake imezimwa.

Kabla hujatoa, mpigie mtu kipande bila kumwambia jina wala filamu ni ya nini, umuulize ameona nini. Kile cha ile stesheni nilimpigia binamu yangu, akasema anaona mtu kwenye korido ya hospitali usiku anatafuta wadi na hataki kuipata. Hakuna reli hapo, hakuna toroli, lakini ni mtu yuleyule. Nikakiacha kilivyo. Angesema "inatuliza" ningekifuta.

Ukimaliza kipande cha kwanza kiweke hapa chini. Usituambie ni filamu gani, sisi ndio tukuambie.